Kiitikio Kimebaki, Manju Yuko Wapi?

Sisi tunaotunga kwa kalamu tumezoea kulipima shairi kwa mizani na vina, na tunaposema ubeti tuna maana ya maneno yaliyokwisha kuandikwa, ambayo hata baada ya miaka mia yatasomwa vilevile. Wimbo wa ngoma haukujengwa hivyo. Una pande mbili. Upande mmoja yupo manju, anayetoa maneno papo kwa papo, leo hivi na kesho vingine, akitazama ni nani aliyefika, ni nani aliyefiwa, ni nani aliyejificha nyumbani siku ya kulima shamba la mwenzake. Upande wa pili wapo waitikiaji, ambao kazi yao ni kushikilia kiitikio kisichobadilika ili manju apate pumzi na muda wa kuwaza. Kiitikio ni uwanja. Beti za manju ndizo mchezo.

Nayasema haya kwa sababu kufufua nyimbo za jadi kumekuwa jambo la fahari siku hizi. Redio zinazipiga, matamasha yanaandaliwa, vijana wanazirekodi kwa simu na kuzichanganya na vinanda. Nami nafurahi. Walakini nikiisoma historia ya ufufuaji huo, wa ng'ambo na wa hapa kwetu, naona jambo moja likijirudia: wafufuaji hurudi na kiitikio mkononi, manju wakamwacha njiani.

Jina lenyewe la "wimbo wa watu" lina mwanzilishi. Johann Gottfried Herder, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Riga kuanzia 1764 hadi 1769, ndiye aliyelitia neno Volkslied katika kalamu za wasomi. Mwaka 1778 na 1779 akachapisha mkusanyo uliozipanga bega kwa bega nyimbo za mataifa mengi: za Wajerumani na Waingereza, za Wahispania, za Walithuania na Waestonia. Wazo lake lilikuwa kubwa kwa zama zile, kwamba kila taifa, hata lile lisilo na vitabu, lina sauti yake katika nyimbo, na sauti hiyo haipungui heshima mbele ya washairi wa majumba ya wafalme. Walatvia walilipokea wazo hilo kwa bidii ya ajabu. Krišjānis Barons alizipanga nyimbo zao fupi, aghalabu za mistari minne, katika kabati la saraka ndogondogo lililopo Riga hadi leo, na alipomaliza kuzichapisha mwaka 1915 zilikuwa zimezidi laki mbili. Ninalihusudu kabati hilo. Lakini kabati nalo lina tabia yake: linapokea tu kilichokwisha kusemwa.

Huko Uingereza jambo hili lilichukua sura ya shule. Mwaka 1903, katika kijiji cha Hambridge huko Somerset, mwalimu wa muziki aitwaye Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani akiimba kazini, akaunukuu wimbo wake. Mtunza bustani huyo aliitwa John England, jina ambalo mtunzi wa riwaya angeona haya kulibuni. Sharp alikuwa mwaminifu sana kwa mahadhi. Kwa maneno hakuwa hivyo. Yeye na mshirika wake, kasisi Charles Marson, walipozichapisha nyimbo za Somerset walifuta na kulainisha yale waliyoona hayafai masikio ya waungwana, maana wakulima wale walikuwa wakiyaimba mapenzi bila kupepesa macho. Mwaka 1906 Sharp akashirikiana na Sabine Baring-Gould kutoa kitabu cha nyimbo hizo kwa ajili ya shule. Hapo wimbo ukawa somo, na somo lina jibu moja lililo sahihi. Mtoto aliyeongeza ubeti wake mwenyewe alikuwa amekosea.

Somo hilo lilisafiri kwa meli. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliuliza ni wangapi kati ya waliosoma shule walifundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe, ilhali nyimbo za Wazungu wote walifundishwa. Akazitaja dansi za kigeni ambazo vijana walizijua, kisha akazitaja ngoma kama gombe sugu na lele mama ambazo wengi wao hawakupata hata kuzisikia. Katika hotuba hiyo alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nimeisoma hotuba hiyo na wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara darasa lilinyamaza, kwa sababu swali lake bado lilikuwa halijapata jibu.

Baada ya hapo kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Mfano uliotazamwa ni Guinea, ambayo kundi lake la Les Ballets Africains lilikuwa limeushangaza ulimwengu, na wasanii wetu walipelekwa huko kujifunza. Matunda yake yalikuwa mengi, na asiyeyakumbuka ni mwizi wa fadhila. Sindimba ya Wamakonde ikajulikana katika shule za nchi nzima. Kikundi kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, nacho ndicho kilichokuja kuitwa TaSUBa. Hata hivyo, tazama kilichotendeka jukwaani. Ngoma iliyokuwa ikichukua usiku kucha ikakatwa ikawa ya dakika chache. Wachezaji waliokuwa wakitazamana katika duara wakapangwa mstari wakawatazama wageni. Manju wa Kimakonde akawa anaimba mbele ya watu wasiojua Kimakonde; angewezaje kuwasema? Ubeti wake ukageuka pambo la sauti. Na pale watazamaji walipotakiwa waelewe, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, maneno yaliandikwa kwanza, yakakubaliwa, kisha yakavikwa mahadhi ya zamani. Wengi wetu tuliimba nyimbo hizo kwa moyo wote. Mtungaji wake alikuwa mezani, si uwanjani.

Yupo mmoja ambaye jukwaa halikummeza. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliingia katika kikundi cha taifa, akafundisha Bagamoyo, akaichukua ilimba na zeze mpaka kwenye matamasha ya WOMAD na kurekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza, na hadi alipofariki mwaka 2003 alikuwa bado anatunga. Hakubeba makumbusho mgongoni. Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huohuo, walitoa albamu yao mwaka 2024, nao wanatunga. Nadhani siri ya ukoo huo ni kwamba jambo la kwanza wanalorithishana ni ufundi wa kutunga. Nyimbo zenyewe zinafuata.

Shuleni tulifanya kinyume chake. Niliwahi kupeleka wanafunzi kwenye mashindano ya sanaa. Mahali na mwaka niyaache. Kanuni zilitaka maneno ya wimbo yaandikwe na kukabidhiwa kwa waamuzi kabla ya siku yenyewe. Asubuhi ile mvua ilinyesha, viti vya wageni vikahamishiwa barazani, wanafunzi wakaachwa wakilowa. Msichana wetu aliyekuwa akianzisha wimbo alipopanda jukwaani akatia ubeti juu ya viti vile, vinavyoogopa mvua kuliko watoto. Uwanja mzima ulicheka, mgeni rasmi akiwemo. Waamuzi wakapunguza alama: maneno hayalingani na karatasi. Katika maoni waliandika kwamba kikundi "kimetoka katika asili ya wimbo". Karatasi ile niliihifadhi miaka mingi. Kwa kufuata kanuni walikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwamba kanuni ya kuihifadhi asili ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo jambo la asili kuliko yote lililotendeka siku ile lilihesabiwa kuwa kosa.

Huku kwetu Rungwe manju alikwisha kupunguziwa nafasi muda mrefu kabla ya majukwaa hayo. Wamoraviani walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo wakaja pia wamisionari wa Berlin. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kuanzia 1934, waliandika kwa kirefu juu ya mazishi yetu: vilio vya wanawake, mishindo ya ngoma, wanaume wakicheza na mikuki yao, na uhai ukijitokeza katikati ya kifo mpaka vijana wakachumbiana palepale. Mbolezi ya namna hiyo haikuwa na maneno ya kudumu. Aliyelia alimtaja marehemu kwa jina na matendo yake, na mara nyingine aliwagusa walio hai. Wakristo walijitenga na ngoma hizo za msibani wakashika tenzi za kitabuni. Utenzi wa kitabu ni mzuri kwa faraja, ila unamlilia kila mtu kwa maneno yaleyale.

Haki itendeke: si wamisionari wote walioziba masikio. Traugott Bachmann, Mmoraviani aliyekuwa kwa Wanyiha katika misheni ya Mbozi, iliyoanzishwa mwaka 1899, aliwaachia Wakristo wake wamwimbie Mungu kwa mahadhi yao. Katika miaka ya 1930 mwenzake wa kanisa hilohilo, Franz Ferdinand Rietzsch, alitetea kwa maandishi kwamba tuni za Ulaya haziukai muziki wa huku. Wapenzi wa lugha wataelewa haraka. Kinyakyusa, tofauti na ndugu zake wengi wa Kibantu, kimepoteza toni kama Kiswahili kilivyoipoteza, na mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini kina irabu saba, na irabu ndefu na fupi hutenganisha maana. Tuni ya Kijerumani inapenda kukita mguu kwenye silabi ya mwisho ya mstari, na inalivuta neno mahali noti ilipo ndefu, iwe irabu ni fupi au ndefu. Ndiyo maana baadhi ya tenzi za kutafsiriwa, za Kinyakyusa na za Kiswahili, huvunjika shingo mwishoni mwa mstari. Mshairi anayehesabu mizani bila kusikiliza mkazo hupatwa na ajali hiyohiyo.

Katika miaka ya 1960 Walutheri wa Makumira, karibu na Arusha, walilishika jambo hili upya. Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha chuoni hapo, alikusanya mahadhi ya makabila mbalimbali ambayo wanafunzi walikuja nayo, na "Tumshangilie Mungu" ukawa mkusanyo uliosambaa. "Mfurahini, Haleluya" wa Bernard Kyamanywa, wa mwaka 1966, wenye mahadhi ya Kihaya, sasa huimbwa wakati wa Pasaka Ujerumani na Marekani. Nauhesabu kuwa ufufuaji uliofanikiwa zaidi ya mingi, kwa kuwa mtungaji alikuwa hai, alijulikana kwa jina, na maneno yaliingia katika mahadhi bila kuumizana.

Jina ndilo jambo jingine. Neno "asili" linaposomeka chini ya wimbo, mara nyingi maana yake ni "hauna mwenyewe". Mwaka 1939, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, Solomon Linda, Mzulu, alirekodi "Mbube" pamoja na kundi lake. Katika kurudia mara ya tatu, karibu na mwisho, aliacha alichokuwa akiimba akapaaza noti chache zilizomjia wakati huohuo. Manju alikuwa kazini. Sahani hiyo ilimfikia Pete Seeger huko Marekani katika zama za ufufuaji wa nyimbo za watu, naye hakujua Kizulu, akalisikia neno "uyimbube", yaani wewe ni simba, kama "wimoweh". Kundi lake la The Weavers likaurekodi hivyo. Mwaka 1961 The Tokens wakaziwekea maneno ya Kiingereza noti zile zilizobuniwa papo hapo, wimbo ukaizunguka dunia, na Linda akafariki mwaka uliofuata katika umaskini. Familia yake ilipata mapatano mwaka 2006. Kila ninapousikia katika filamu za watoto namkumbuka manju aliyepata wazo kwa sekunde chache, na dunia ikaligandisha wazo hilo bila kumuuliza anaitwa nani.

Hapa jirani, Kenya ilijichagulia mwaka 1963 wimbo wa taifa uliotokana na bembezi ya akina mama wa Kipokomo wa Mto Tana. Nausifu uchaguzi huo; mataifa machache yana wimbo uliotoka kifuani mwa mama. Ila bembezi huwa na nafasi ya jina la mtoto, na wimbo wa taifa hauwezi kuwa nayo.

Je, yuko manju aliyefufuliwa pamoja na kiitikio chake? Yuko, Usukumani. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vina ushindani wa tangu karne ya 19, na katika sikukuu ya Bulabo, inayofanyika Bujora karibu na Mwanza kila mwaka mwezi wa Juni, hupambana mbele ya umati. Padre David Clement, aliyeijenga Bujora, angeweza kuwapa kanuni za karatasi. Mashindano yakabaki ya umati: anayeshinda ni yule anayewavuta watu waache kumtazama mpinzani. Kwa hiyo manju wa Kisukuma hawezi kuja na ubeti wa mwaka jana, kwa sababu watu watamkimbia. Frank Gunderson, Mmarekani aliyetafiti nyimbo za kazi za Wasukuma, amezikusanya pamoja na habari za waliozitunga na mambo yaliyozizaa. Hivyo ndivyo napenda mikusanyo yetu iwe.

Wapo watakaoshangaa nikiwataja pia vijana wa bongo fleva. Saida Karoli wa Bukoba aliwafanya Watanzania wasiojua neno la Kihaya waimbe "Maria Salome" mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautumia katika "Salome" yao. Wazee wenzangu walilalamika kuhusu mavazi katika video. Mimi nilisikiliza muundo: kiitikio ni kilekile kinachotambulika, beti ni mpya, waimbaji wanashindana kwa maneno. Kwa muundo, vijana wale walikuwa karibu na ngoma kuliko kwaya zetu za mashindano. Kwa maudhui tunaweza kubishana siku nyingine.

Hapa Lufingo mahali ambapo manju bado anasikika ni shambani. Msibani kuna spika na flashi yenye nyimbo za kwaya. Harusini kuna mshereheshaji. Shambani hakuna umeme. Yupo bibi mmoja, jirani yangu, ambaye wanawake wakisaidiana kupalilia humwachia aanzishe. Wimbo wenyewe, asema, aliupokea kwa mama yake wakati ulezi ulipokuwa bado unalimwa kwa wingi. Sasa anauimbia viazi na miche ya parachichi. Nimesikia ndani yake mnunuzi ambaye mizani yake husahau kilo mbili kila gunia, dereva wa bodaboda aliyembeba mchungaji akamwangusha kwenye tope, na binti aliyefaulu mtihani asirudi kusalimia. Kiitikio hakijaguswa.

Mwaka jana walikuja vijana watatu kumrekodi, wenye adabu na simu nzuri. Upepo uliharibu sauti ya kwanza, wakamwomba: "Shikamoo tena, bibi. Tunaomba urudie kama ulivyoimba mwanzo." Akawaambia, "Marahaba, wajukuu zangu. Ule nilikuwa namwimbia mama Tumaini, naye amekwenda kuchota maji. Niwaimbie ninyi?" Wakasema hapana, waliutaka uleule. Akawapa kiitikio mara nne, wakashukuru, wakaondoka.

Mimi nina daftari la kawaida la kaunta. Katika kila ukurasa naandika kwanza tarehe, shamba la nani, waliokuwapo, kazi iliyokuwa ikifanyika na hali ya hewa; kisha beti kwa Kinyakyusa kadiri ninavyoweza kuzikamata, na jina la aliyezitoa, kama ameridhia liandikwe. Kiitikio nakiandika mara moja tu, kwenye jalada. Ukurasa wa siku ile ya vijana una beti sita juu ya mama Tumaini, na ya saba, aliyoitoa walipokwisha kupanda pikipiki, ni juu yao.